Vijineno vya Kiingereza na Vielezi Viandamanavyo Navyo

Mwanafunzi akiisha kusoma Kiingereza miaka miwili mitatu huanza kujiona kuwa amekwisha kuuvuka mto. Ajua kwamba "give" maana yake ni kutoa, au kumpa mtu kitu. Ajua pia kwamba "up" ni juu. Kisha siku moja afungua kitabu chake, akuta maneno haya: "He gave up." Ayaweka pamoja, naye apata "alitoa juu." Haya, ni maneno gani hayo? Alitoa nini? Na huko juu ni wapi? Kweli yake ni kwamba mtu yule hakutoa kitu cho chote, wala hakuna aliyepanda juu. Alikata tamaa, akaacha jambo alilokuwa akilifanya.

Maneno ya namna hii ni mengi mno katika Kiingereza cha kila siku. Kitenzi kifupi hufuatwa na kijineno kama "up," "down," "in," "out," "on," "off" au "away," na mawili hayo yakiungana huzaa maana ya tatu. Waandishi wa sarufi huyaita "phrasal verbs," nalo ni jina ambalo Logan Pearsall Smith alilieneza katika kitabu chake cha mwaka 1925, akisema amelipata kwa Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa ile kamusi kubwa ya Oxford. Lakini jambo lenyewe lilikuwako kabla ya jina. Samuel Johnson wa London alipotoa kamusi yake mwaka 1755, alieleza katika dibaji kwamba kuongeza kijineno nyuma ya kitenzi ndiko kunakowapa wageni taabu kubwa kuliko yote. Basi usidhani kwamba ugumu huu umekupata wewe peke yako. Wafaransa na Wadachi waliulalamikia kabla yako.

Kwa nini Waingereza wanayapenda maneno haya, nao wana vitenzi vingine vya kutosha? Sababu moja ni ya kale. Mwaka 1066 Wanormani walivuka bahari kutoka Ufaransa, wakaitwaa Uingereza, na kwa muda wa miaka mingi wakubwa wa nchi walisema Kifaransa. Watu wa shamba na wa jikoni waliendelea na lugha yao. Kwa hiyo hata leo jambo moja laweza kuwa na majina mawili: la nyumbani, "come back," na la mgeni, "return", la nyumbani "go in," na la mgeni "enter", "give up" na "abandon." Baadaye wanachuoni waliongeza maneno ya Kilatini, kama "extinguish," lenye maana moja na "put out," yaani kuzima. Mwanafunzi wetu hupenda yale marefu, kwa kuwa aliyaona kitabuni na yanafanana na elimu. Walakini mama wa Kiingereza akimwambia mwanawe azime taa, hamwambii "Extinguish the lamp". Hayo yanafaa kuandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Yeye husema, "Put out the lamp," au "Put it out."

Hapa niseme neno moja kando. Wengi wetu katika Afrika ya Mashariki tumezoea kusema "Put off the lamp." Tukisemezana sisi kwa sisi twaelewana. Lakini kwa Mwingereza "put off" kwanza ni kuahirisha, kusema "tutafanya kesho." Kijineno kimoja tu kimebadilika, na taa imeahirishwa badala ya kuzimwa.

Sisi pia tunajua kukigeuza kitenzi, ila twakigeuza kwa ndani. Kutoka "funga" twapata "fungua," kutoka "kunja" twapata "kunjua," kutoka "ziba" twapata "zibua." Mwisho wa neno umebadilika kidogo, na kazi yote imepinduliwa. Mwingereza hana mwisho wa namna hiyo katika vitenzi vyake vingi. Kwa hiyo huliacha neno lake lilivyo, akaweka kijineno nyuma yake. Avaa kofia, "puts on", aivua, "takes off." Ukilishika jambo hili vizuri hutatafuta tena "juu" ndani ya "gave up," kama vile usivyotafuta maana ya ile "u" iliyo ndani ya "fungua."

Sasa tuje kwenye vielezi, yaani maneno yaelezayo namna ya kutenda: polepole, upesi, kwa uangalifu, kabisa. Ikiwa kitenzi na kijineno vimeungana kama mtu na mkewe, kielezi kitakaa wapi? Mbele yao, nyuma yao, au katikati?

Tutwae kwanza sentensi isiyo na mtendewa. "Slowly" ni polepole. Waweza kusema, "He slowly woke up," au "He woke up slowly," yaani aliamka polepole. Zote mbili ni njema. Lakini husemi "He woke slowly up." Kielezi kikae mbele ya wale wawili au nyuma yao, katikati hakina kiti.

Je, ni hivyo siku zote? La. Angalia sentensi hii: "The old man climbed slowly down." Mzee alishuka polepole. Hapa kielezi kimeingia katikati, wala hapana Mwingereza atakayekasirika. Sababu ni kwamba "down" hapa bado ni chini kwelikweli. Mzee alikuwa juu ya mti au ya ngazi, naye sasa yuko chini. Kijineno hakijapoteza maana yake, kinasimama kwa miguu yake mwenyewe, nacho hakidhuriki kikitengwa kidogo na kitenzi. Hali kadhalika "She walked quietly in," aliingia kimya kimya. Bali katika "gave up" na "broke down" kijineno kimekwisha kuyeyuka ndani ya kitenzi kama sukari ndani ya chai. Nani atasema "The lorry broke suddenly down"? Lori liliharibika ghafula: "The lorry suddenly broke down," au "The lorry broke down suddenly." Basi ujiulize kila mara: kijineno hiki kingali kinaonyesha upande wa kwenda, au kimeyeyuka?

Yako maneno machache yaliyopewa ruhusa ya kukaa katikati, nayo ni "right," "straight" na "back." "Come right in," ingia ndani kabisa, usisimame mlangoni. "Go straight on," nenda mbele moja kwa moja. "He ran back out," alitoka tena mbio. Lakini neno "very," tunalolipenda mno, halina ruhusa hiyo. Kwa Kiswahili "sana" huandamana na karibu kila kitenzi: alikimbia sana, alilia sana, alikata tamaa sana. Ndiyo sababu katika daftari za wanafunzi huonekana "He gave up very much." Mwingereza hapimi kukata tamaa kwa "very much", husema "He completely gave up," alikata tamaa kabisa.

Sasa sentensi yenye mtendewa. Mtoto aliokota yai kwa uangalifu. Njia njema ni tatu:

"The child carefully picked up the egg."

"The child picked up the egg carefully."

"The child picked the egg up carefully."

Na njia mbaya ni hizi: "picked carefully up the egg," na "picked up carefully the egg." Katika Kiingereza kitenzi hupenda kumshika mtendewa wake mkono, wala hakitaki kielezi kisimame kati yao. Hapo ndipo Kiswahili kitupotezapo, kwa kuwa sisi twaweza kusema "aliliokota kwa uangalifu yai lile," na mtu asishtuke. Kile kiungo "li" kilicho ndani ya kitenzi kimekwisha kutuambia kwamba yai linakuja, nasi twangoja bila wasiwasi. Mwingereza hana kiungo hicho, naye hataki kungoja.

Tena ikiwa mtendewa ametajwa kwa neno fupi kama "it," "him" au "them," nafasi yake ni katikati, kati ya kitenzi na kijineno: "The child picked it up carefully." Usiseme kamwe "picked up it." Kosa hili moja husikika upesi kuliko makosa kumi ya matamshi.

Yako maneno mengine yafananayo na haya kwa sura, lakini si ya ukoo mmoja. Katika "look at," kutazama, na "look for," kutafuta, neno la pili halikushikamana na kitenzi. Limeshikamana na kitu kinachofuata. Kwa hiyo kielezi chaweza kupita katikati bila ya kumkosea mtu: "She looked carefully at the picture." "They looked everywhere for the goat," walimtafuta mbuzi kila mahali. Na "it" hapa hukaa mwisho: "They looked for it," si "looked it for."

Mwanafunzi atauliza, "Nitawatambuaje hawa na wale?" Jaribu kwa sentensi mbili zenye maneno karibu yale yale. Ya kwanza, "He ran up the hill," alipanda kilima mbio. Ya pili, "He ran up a debt," alijilimbikizia deni, kama mtu achukuaye sukari na mafuta dukani kila siku kwa kuandikiwa. Katika ile ya kwanza "up" ni ya kilima. Waweza kuweka kielezi: "He ran quickly up the hill." Katika ya pili "up" ni ya "ran." Ukisema "He ran quickly up a debt," watu watacheka, kwa maana umelifanya deni kuwa kilima. Sema, "He quickly ran up a debt." Tena sikiliza sauti. Katika "ran up a debt" Mwingereza hukitamka kijineno kwa nguvu. Katika "looked at it" neno "at" hupita kwa haraka, karibu halisikiki. Mwenye sikio zuri atajifunza kwa kusikiliza mambo mengi asiyoweza kufundishwa na ubao.

Juu ya mahali pa kukaa, liko jambo jingine: si kila kielezi hupatana na kila kitenzi. Mtu hulala fofofo, wala haketi fofofo. Kitu ni cheusi tititi na cheupe pepepe. Ukibadilisha, hata mtoto mdogo atakusahihisha. Hakuna sheria iliyoandikwa, ila ndivyo wazee walivyosema. Kiingereza kina ndoa za namna hii pia. Watu wanaopatana "get on well," hawa-"get on nicely much." Mtu hufika bila ya kutazamiwa, naye "turns up unexpectedly." Gari hupunguza mwendo kidogo kidogo, "slows down gradually." Siku ya baridi mtoto huambiwa ajifunike vema, "Wrap up warmly." Hayo usijaribu kuyatunga kwa akili yako. Yasikie, uyaandike kwenye daftari yawili yawili, kitenzi pamoja na kielezi chake, uyashike hivyo hivyo.

Yamebaki maneno ya kukataa, nayo ndiyo yenye hatari, hata nadhani mtu aweza kusamehewa makosa yote ya juu akiyashika haya.

Tuseme duka limeibiwa usiku. Taa ya mlangoni ilikuwa imezimika, wezi wakaingia gizani. Mlinzi ameshitakiwa kwamba aliizima ili awasaidie. Hakimu asikiliza kwa Kiingereza, na shahidi, jirani wa duka, asema Kiswahili. Kati yao amesimama mkalimani kijana, aliyesoma vitabu kama hiki. Shahidi alikuwa dirishani pake, aliona yote, naye asema:

"Mlinzi hakuizima taa kwa makusudi."

Mkalimani ageuza upesi: "The watchman deliberately did not put out the lamp."

Hakimu ainua uso. Mashahidi wote wa kwanza wamesema kwamba taa ilizimika. Huyu asema kwamba mlinzi aliiacha ikiwaka, tena kwa makusudi! Basi aonekana kuwa ni mwongo, au hakuona kitu. Na mlinzi hana shahidi mwingine.

Kosa liko wapi? Maneno ya Kiingereza hayana kosa la sarufi hata moja. "Put out" imekaa vema, kielezi kimekaa mahali kinaporuhusiwa. Lakini "deliberately," yaani kwa makusudi, imewekwa mbele ya "did not," nayo imelimeza lile neno la kukataa: ni makusudi yake kutoizima. Shahidi alikuwa na maana nyingine: taa ilizimwa na mlinzi, lakini hakukusudia, aliipiga kikumbo alipokuwa akijifunika blanketi. Ingempasa mkalimani kusema, "The watchman did not deliberately put out the lamp." Maneno ni yale yale, hakikuongezwa wala kupunguzwa hata kimoja. Kielezi kimehama hatua mbili tu kwenda nyuma ya "not," na mtu aliyekuwa mwongo amekuwa mkweli.

Tusiwe wepesi kumlaumu kijana yule. Tazama tena maneno ya shahidi, nawe utaona kwamba Kiswahili chenyewe kilikuwa na njia panda. "Hakuizima taa kwa makusudi" yaweza kuwa "aliizima, ila si kwa makusudi", yaweza pia kuwa "kwa makusudi aliacha kuizima." Sisi twazitenganisha kwa sauti, na kwa kujua habari iliyotangulia. Hata Kiingereza, ukikiweka kielezi mwisho, "He did not put out the lamp deliberately," huwa na shaka kidogo, ingawa wengi watafahamu kwamba aliizima pasipo kukusudia. Mkalimani mwenye busara angemgeukia shahidi kwanza, akamwuliza, "Je, taa aliizima, au hakuizima?" Shahidi angejibu, "Aliizima, bwana, lakini kwa bahati mbaya." Hapo kazi ingekuwa nyepesi: "He put it out by accident." Mtendewa yuko katikati, kielezi kiko mwisho, na hakuna neno la kukataa la kumpoteza mtu.

Linganisha pia sentensi hizi mbili. "He really did not give up": kwa kweli hakukata tamaa, alishika kazi yake mpaka mwisho. "He did not really give up": hakukata tamaa hasa, pengine alilegea, au alijifanya kuwa ameacha. Ya kwanza ni sifa. Ya pili yaacha shaka juu ya mtu. Ukiandikiwa barua ya kukusifu kwa bwana wa kazi, utapenda "really" ikae wapi?

MAZOEZI

1. Weka kielezi "carefully" mahali pawili panapofaa katika sentensi hii: "She put down the water-pot." Kisha badala ya "the water-pot" andika "it," useme ni lipi limehama.

2. Mojawapo ya sentensi hizi ni mbaya. Ni ipi, na kwa nini? "He looked quickly up the street." "He looked quickly up the word." (Kumbuka kwamba "look up a word" ni kutafuta neno katika kamusi.)

3. Mwanafunzi alitaka kumwandikia mwalimu kwamba amekwisha kupeleka kazi yake upesi. Aliandika, "I quickly gave up the work." Mwalimu alifahamu nini? Liandike upya neno lake kwa kutumia "hand in."

4. Andika kwa Kiswahili kisicho na njia panda: "The driver deliberately did not pull up." "The driver did not deliberately pull up." ("Pull up" ni kusimamisha gari.) Mwombe mwenzako asome majibu yako bila ya kuona Kiingereza, akuambie katika kila sentensi kama gari lilisimama au halikusimama.